Mume wangu ameniomba nimshikie hela asibeti. Nikubali?

BARAZANI KWA SHANGAZI

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, nimeolewa, tuna watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri. Mimi asubuhi nakaanga vitumbua na chapati hapahapa tunapokaa, Mbagala. Mume wangu si mlevi, hanipigi, watoto wake anawapenda. Tatizo lake ni mikeka ya kubeti mpira.

Alianza kwa mia tano mia tano na wenzake wa kijiweni. Miaka miwili iliyopita mkeka ukatiki, akapata milioni moja na laki mbili. Tukanunua friji ambayo mpaka leo nauzia maji ya baridi na barafu. Tangu hapo nyumba hii haijajua Jumamosi wala Jumapili ya utulivu. Sasa kimekuja kile kindege cha kwenye simu, mchezo wa kamari, anakicheza hadi usiku wa manane. Nikigeuka naona mwanga chini ya shuka.

Mwaka jana watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, walimfuata hadi mlangoni. Nilichukua hela yangu ya kikoba nikalipa, ndugu yeyote hakujua. Akaapa hatarudia. Alitulia kidogo, akarudi kulekule. Mwezi uliopita tulikuwa tumeshatimiza kodi ya miezi sita, 420,000, zimebaki siku chache tumkabidhi mwenye nyumba. Akaimaliza yote kwa siku mbili. Safari hii sikumfuma. Alikuja mwenyewe kuniambia, analia: "Mke wangu, peke yangu nimeshindwa. Nishikie hela zote, nishikie na simu, kila usiku nikague."

Dada yangu ananikataza, anasema mwanaume hafugwi. Mama mkwe amesikia fununu, anadai nataka kumtawala mwanawe. Mimi nataka apone, lakini naogopa kugeuka askari ndani ya nyumba yangu. Na nikisema ukweli, kila Jumapili jioni hata mimi huwa namuuliza, "Vipi leo?" Nifanyeje?

Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Kubali. Ila usikubali yote aliyoyaomba, na yale utakayoyakubali yawe na mpaka na muda wake.

Kabla sijapewa baraza hili nilikuwa muuguzi, na miaka yangu mingi niliitumikia wodi ya magonjwa ya akili. Nimepokea wake wengi walioleta waume zao. Karibu kila mmoja wao alikuwa amefuma kitu: meseji, chupa, risiti mfukoni. Mume anayekuja kwa miguu yake kusema "nimeshindwa" kabla hajafumwa ni nadra, na hapo ndipo matibabu yanapopata pa kushika. Dada yako anaogopa kwa ajili yako, na ana haki ya kuogopa. Lakini hukumwomba mumeo akupe funguo. Amekupa mwenyewe.

Kwanza ujue unapambana na nini. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Uko kwenye kundi moja na uraibu mwingine wa tabia. Sikwambii hili ili umwonee huruma tu. Nakwambia kwa sababu kiapo hakitibu ugonjwa, na ndiyo maana kile cha mwaka jana hakikushika ingawa naamini aliapa kwa moyo wote.

Chukua mkeka wa timu kumi, unaolipa zote zikishinda tu. Tuseme kila timu ni nzuri kweli, ina nafasi 70 katika 100 za kushinda. Zote kumi kushinda pamoja ni chini ya mara 3 katika mikeka 100. Lakini tisa kushinda na moja kukuchania mkeka, hiyo hutokea kama mara 12 katika 100. Yaani "timu moja tu imeniangusha" inamtembelea mara nne zaidi ya ushindi wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Luke Clark na wenzake, waliwapima watu ubongo wakiwa wanacheza kamari. Waliona kwamba kukaribia kushinda kisha kukosa huamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na humwongezea mtu hamu ya kuendelea. Ndiyo maana ukimwambia "huoni wanakula hela zako?" neno halimwingii. Wewe unaona hela imeliwa, yeye anaona amekaribia.

Kindege ni kibaya zaidi. Mkeka humsubirisha mtu dakika tisini, na ndani ya dakika tisini anaweza kulala, kubeba abiria, kuitwa na mtoto. Kile kindege mzunguko wake huisha kwa sekunde chache kisha unaanza mwingine, saa nane za usiku, bila mchezaji wala refa. Kodi ya miezi sita kuyeyuka kwa siku mbili hakunishangazi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye simu. Usiichukue. Dereva wa boda bila simu hana wateja, na mume asiye na simu ataazima ya mwenzake kijiweni, hapo hutajua lolote. Shika njia ya hela. Abiria wanaomlipa kwa simu watume moja kwa moja kwenye namba yako. Hela taslimu: hesabu ya tajiri itoke kwanza, siku hiyohiyo, kabla hajakanyaga nyumbani, kwa sababu pikipiki ikirudishwa kwa mwenyewe mtakuwa mmepoteza hata hicho kinachowalisha. Abaki na hela ya mafuta, ya chakula cha mchana na akiba ndogo ya pancha. Kiasi mkikubaliane wote wawili na mkiandike kwenye daftari. Iliyobaki aikabidhi kwako jioni. Kodi ikifika hata ya mwezi mmoja mpelekeeni mwenye nyumba, mwombeni apokee kidogokidogo. Hela nyingi isilale ndani kwa sasa, hata kwenye kibubu, hata chini ya uangalizi wako.

Mikopo ya simu nayo ni mlango. Ile ya kubonyeza namba na hela kuingia papo hapo ndiyo inayolisha kindege usiku, maana haimlazimu mtu kumgongea jirani. Apige huduma kwa wateja wa mtandao wake mbele yako, aulize namna ya kuondolewa. Na kwa kila kampuni ya kubeti aliyojiandikisha aombe kwa maandishi akaunti yake ifungwe, programu azifute, na zile meseji za "bonasi yako inakusubiri" azizuie. Kazi hii aifanye kwa vidole vyake. Wewe kaa naye tu, hata kama unachambua mchele.

Kuhusu ukaguzi wa kila usiku, hapana. Ukikagua kila usiku, kila usiku mtakuwa na kesi. Chagueni siku moja ya wiki na saa moja, watoto wakishalala. Yeye ndiye afungue taarifa za miamala akuonyeshe, wewe usimnyang'anye simu. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeonyesha na mtu anayepekuliwa, na mwili wake utaijua tofauti hiyo kabla ya akili yake. Mkimaliza, mazungumzo ya kubeti yafungwe hadi wiki ijayo. Muda wa mpango wote uwe miezi mitatu, kisha mkae tena mpange upya. Usiwe mhasibu wake wa maisha.

Madeni ninayaogopa kuliko mikeka yenyewe. Kwa kulipa mwaka jana kimyakimya ulimwokoa na aibu, lakini ulimwondolea pia sababu ya kuacha. Usirudie. Mwambie aandike kila anayemdai: jina, kiasi, tarehe. Orodha itawaumiza wote wawili, iandikwe hivyohivyo. Kisha alipe mwenyewe kutoka kwenye jasho lake, kidogokidogo, na wewe ujue kila senti inakokwenda. Hela ya kikoba chako na mtaji wa vitumbua usiviguse. Hivyo ni chakula cha watoto. Na hawa kausha damu, wakija tena mlangoni, msiwape godoro wala jiko kwa woga. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni ya Benki Kuu. Waombeni waonyeshe leseni na mkataba, na mwende nao ofisi ya serikali ya mtaa. Nimeona mama anabebewa cherehani kwa deni ambalo hajawahi kulisikia, na hasira ile bado ninayo.

Sasa la friji na lile swali lako la Jumapili. Nakushukuru kwa kuyaandika, wengi huyaficha. Mwanangu, ushindi ule wa milioni na laki mbili haukuingia kichwani kwa mumeo peke yake. Friji imesimama sebuleni, kila mgeni anaiona, na kila Jumapili unapouliza "vipi leo?" anasikia kwamba nawe unangoja. Sikwambii uiuze, inakuingizia riziki. Nakwambia uache kungoja. Mwambie kwa maneno kabisa: "Hata ukishinda, hela hiyo siitaki ndani." Sema ukiwa unamaanisha, kwa sababu siku moja atakujaribu. Atakuja na laki mbili mkononi na kitenge kipya, na siku hiyo ndiyo ngumu kuliko siku ya kupoteza.

Jumamosi na Jumapili zitafutieni kazi. Kijiwe kizima kinasuka mikeka kuanzia mchana, na hakuna binadamu anayeweza kukaa pale akatazama juu tu. Afanye kazi eneo lingine saa hizo, au achukue mizigo ya sokoni, au akusaidie kupeleka barafu kwa wateja. Mpira asiutazame kwa wiki za mwanzo, hata Simba na Yanga. Najua naomba jambo kubwa. Na amtafute mwenzake mmoja wa kijiweni anayemwamini amwambie ukweli, ili akimwona anaazima simu amwite pembeni. Huyo ataona yale ambayo wewe ukiwa Mbagala na karai lako huwezi kuyaona.

Anaweza kuanguka. Kubalianeni leo, mkiwa mmetulia, siku hiyo itakwendaje: atakwambia siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kiasi gani na kapata wapi hela. Wewe una ruhusa ya kukasirika, hata kulia, hata kukataa kuzungumza hadi kesho. Lakini usimtangaze mbele ya watoto, wala usimdanganye tajiri wake kwamba anaumwa. Ukweli ukimgharimu sana kila mara, ataacha kuuleta.

Mama mkwe mwachie mumeo. Amwendee mwenyewe aseme, "Mama, hela nimempa mimi, kwa hiari yangu, kwa sababu nilikuwa naharibu." Ukisema wewe itaonekana unamsema mwanawe, na bibi huyo hutamweza.

Halafu hospitali. Haya yote ni ya nyumbani na hayatoshi peke yake kwa mtu aliyecheza kodi ya miezi sita. Nendeni mkaonane na wataalamu wa afya ya akili. Kwa mliko Dar es Salaam, Muhimbili ipo, na kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wenu mnaweza kuulizia kitengo hicho. Waliopo Dodoma wana Mirembe, Mwanza wana Bugando. Mazungumzo na mtaalamu humfundisha mtu kuzijua saa zake mbaya na kuyapinga mahesabu yanayomdanganya. Nenda naye siku ya kwanza, ingia naye akikuruhusu.

Mambo matatu yakitokea usisubiri miezi mitatu: akiiba mtaji wako, akikuinulia mkono, au akianza kusema afadhali afe. Hilo la tatu usilichukulie kuwa ni maneno ya hasira. Wenye madeni ya kamari hulisema na wengine hulitenda. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo.

Ulisema unaogopa kugeuka askari. Ukishika njia ya hela na kuiacha roho yake mikononi mwake, hutageuka.

*

Shangazi, habari za kazi.

Mimi ni seremala, niko Tanga, umri miaka 41. Navuta sigara tangu ujana, karibu paketi kwa siku. Nimejaribu kuacha mara kadhaa, nashindwa. Mke wangu ndiye anayenishindisha. Nikiingia tu mlangoni ananinusa: shati, mikono, hata mdomo. Akisikia harufu anasema mbele ya watoto, "Baba yenu ameshaanza." Basi naona bora nivute tu kwa jirani, kwani hata nisipovuta nashukiwa. Baba yake alifariki kwa kifua miaka mitatu iliyopita, tangu hapo ndiyo kazidi. Mweleze anipe nafasi, anasoma baraza lako.

Fundi, Tanga

Fundi, salama.

Nitamweleza, ila nianze nawe, kwa sababu umeandika sababu ya kunuswa kwako na hukuiona. Baba yake alikufa kwa kifua. Huenda alimuuguza, akamsikia anakohoa usiku, akamzika. Sasa kila anaponusa shati lako anatafuta kama wewe ndiye wa pili. Umewahi kumkalisha ukamuuliza zilikuwaje siku za mwisho za mzee? Muulize wiki hii, kabla ya kutupa sigara hata moja. Msikilize usijitetee.

Mama, na wewe nisikilize. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Sheldon Cohen na Edward Lichtenstein, walichapisha utafiti juu ya watu wanaoacha sigara na wenza wao. Waliokuwa wakitiwa moyo zaidi ya kusimangwa ndio waliodumu vizuri zaidi bila kuvuta. Masimango yakizidi pongezi, mambo huharibika. Kunusa mlangoni kukome, na lile neno la mbele ya watoto likome kabisa. Akikaa siku nzima hajavuta, mwambie umeona.

Lakini Fundi, usimtundike mkeo kushindwa kwako. Kwenye programu nyingi zilizojaribu kuwafundisha wenza namna ya kusaidia, watafiti hawakupata ushahidi wa wazi kwamba wavutaji waliacha zaidi. Kinachoonekana kuwa na nguvu zaidi ni wawili kubadilika pamoja. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wanandoa 3,722 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kwa wanawake wavutaji, ambao waume zao waliacha sigara wakati mmoja nao, nusu walifanikiwa. Ambao waume zao walikuwa hawavuti tangu awali, walifanikiwa 17 katika 100 tu. Mwenza msafi anayekutazama hakufikii mwenza anayeacha kitu bega kwa bega nawe.

Mkeo havuti, basi atafute chake. Mama, una nini? Sukari vijiko vinne kwenye chai? Soda kila mchana? Simu kitandani? Chagua kimoja, anzeni siku moja, na Fundi asikunuse wala wewe usimnuse. Mtajua wote wawili jinsi saa kumi jioni inavyokuwa ndefu.

Hamu ya sigara ikija hudumu dakika chache kisha hupungua, uvute usivute. Siku za mwanzo ndizo kali, na wiki zinavyokwenda inalegea. Wavutaji wengi husumbuliwa na hamu baada ya chakula, na sidhani wewe ni tofauti. Basi mkishakula tokeni wote wawili mtembee mpaka barabarani na kurudi, watoto waoshe vyombo. Asubuhi karakanani, chai ya rangi inayokwenda na sigara ibadilishe kwa uji, hata kama wenzako watakucheka.

Na kwa paketi moja kwa siku, usitegemee ubishi wa moyo peke yake. Dawa za kutafuna au za kubandika zenye nikotini, zinazompunguzia mtu hamu bila moshi, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Muulize daktari hospitali ya mkoa, au duka kubwa la dawa. Hapohapo mwombe akupime kifua, na mkeo awepo akisoma majibu.